Skrini ni ya Wageni

Zima hiyo skrini, Twalibu.
Huwashwa wageni wakija,
wale wasioamini kuwa naandika
mpaka waone.
Umeme tunaulipa sisi.

Vaa hedifoni, sikio moja tu.
La pili liache kwa mlango
na kwa muuza kaimati.
Usishtuke na sauti. Ni ya Mzungu asiyechoka:
Likoni huiita Laikoni,
Ng'ombeni humkwama kooni kama mwiba wa changu.
Utamzoea. Mimi hunisomea barua za mamangu
kwa lafudhi ya nahodha wa meli ya mizigo
na nalia vilevile.

Juzi uliniuliza "Niko wapi?" mara kumi na nne.
Nilihesabu.
Hilo ndilo somo lenyewe.

Uko mahali pawili.

Kipo kishale kinachotenda.
Kikisimama kisandukuni, herufi unayobonyeza inaingia;
kikisimama kwenye Futa,
basi, ndugu yangu, kimesimama kwenye Futa.
Huo ni mguu wako.

Na kipo kinachopekua,
hupita juu ya kila mstari,
hata maneno ya kijivu yasiyobonyezeka,
hakisogezi kitu, hakiahidi kitu.
Hiyo ni fimbo.
Leo kutoka Bondeni mpaka hapa Mwembe Tayari
fimbo yako imegusa mfereji, mkokoteni wa maji,
na kisigino cha mtu aliyelala barazani.
Ulitumbukia mferejini kwa kuugusa?
Haya.

Sasa bonyeza Tabu. (Ndilo jina lake, na limemfaa.)

Lo! Umesikia? Dirisha limechomoza,
"Je, ungependa kusasisha," limekunyakua zima zima.
Ni yule kijana mwema wa barabara ya Digo
aliyenikamata kiwiko, "Pole mama, pole,"
akanivusha,
akaniacha ng'ambo nisiyoitaka
akenda zake na thawabu zake.
Bonyeza Eskepu. Rudi ulipokuwa.

Fomu ni ya kontena la vigae, futi arobaini.
Tabu: kitufe.
Tabu: kitufe.
Tabu: kitufe.
Vitatu mfululizo, havina jina.
Aliyeuchora ukurasa huu aliona picha
akatosheka.
Kimoja hutuma, kimoja hufuta kazi ya asubuhi nzima,
cha tatu sijapata kukijua.
Ondoa kidole! Usibahatishe.
Mguu ubaki. Peleka fimbo.

Nawe unaniambia, "Nyamaza kidogo."

Nanyamaza. Miaka kumi na tisa Kilindini
ulihesabu makontena kwa chaki na daftari,
safu, ngazi, safu,
kabla sukari haijakunywa macho.
Nasikia vishale vyako: chini, kulia, kulia,
polepole, kama mtu anayehesabu.
Mzungu anakohoa maneno:
picha, be-ti-en, kistari, futa.
Picha, be-ti-en, kistari, tuma, kistari,
mpya, kistari, mbili, kistari, ya mwisho kabisa.

Unacheka mpaka kiti kinalia.
Fundi aliificha siri yake kwenye jina la picha
akidhani hapana atakayepapasa huko.

Mlete panya hapo. Mwache akae chini ya fimbo.
Bonyeza.

Kimya.
Kimya kile kibaya, ambacho mwenye macho
huzungushiwa kiduara akakitazama,
sisi hatuna ila kushika pumzi.
Kisha: "Imepokelewa." Anaitamka vibaya mno.

Viatu ngazini. Ni Bi Rahema mwenye vigae,
manukato yamemtangulia sakafu moja.
"Mbona mmekaa kizani, jamani?"

"Ngoja nikuwashie," unasema,
unapapasa ukingo wa skrini, chini, upande wa kulia.
Vitufe vitatu. Havina jina.

Unatanguliza kidole,
hubonyezi bado.